Mabadiliko yakikufika: ujifungie, ujibadili kabisa, au ubebe vyote viwili?

Anayehamia Tanga kwa kazi, anayeondoka Tanga kwa ndoa, na aliyebaki palepale Makorora huku kazi yake ikigeuka kazi nyingine, wote watatu wana swali moja: nibadilike kiasi gani, na nini nisikiachie?

Wahenga wametuachia ushauri wa pande mbili. Mwacha mila ni mtumwa, wamesema. Kisha wakasema, ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba jicho lako. Kila mzee huchota methali inayolingana na msimamo aliokwisha kuuchukua, na kijana aliyekwenda kuomba shauri hurudi na mzigo wake uleule. Ndiyo maana nimeona nizipange njia zenyewe pamoja, kila moja na faida yake na gharama yake, ili mwenye kuchagua achague anaona. Niseme mapema ninakoegemea: kwa watu wengi na kwa mambo mengi, bora kubeba vyote viwili, cha zamani na kipya. Lakini njia hiyo ina masharti ambayo washauri wengi huyaruka, na zipo nyakati ambapo kujifungia ndiko kunakomwokoa mtu.

Nimeona haja ya kuandika sasa kwa sababu mji wetu uko katikati ya badiliko. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, na tangu jiwe la msingi liwekwe mwaka 2017 wageni wa kila aina wamepita hapa. Bandarini nako, kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali kwa sababu maji ya karibu hayakuwa na kina, na shehena ikaletwa nchi kavu kwa matishari. Bandari ikachimbwa, gati likapanuliwa, sasa meli inafunga palepale gatini. Wengine badiliko hilo limewainua. Wengine limewaacha wamesimama, hawajui wajiite nani.

Maswali mawili kabla ya kuchagua

John W. Berry, mwanasaikolojia wa Kanada, ndiye aliyelipanga jambo hili vizuri kuliko wengine ninaowajua. Alichunguza wahamiaji na wenyeji wa asili waliokutana na utamaduni wenye nguvu kuliko wao, na kuanzia miaka ya 1970 alisisitiza kwamba tusilione badiliko kuwa mstari mmoja, zamani upande huu na upya upande ule, kana kwamba ukipata kimoja lazima upungukiwe na kingine. Kuna maswali mawili, na kila moja linajibiwa peke yake. La kwanza: nataka kuendelea na yale niliyotoka nayo? La pili: nataka kuchanganyika na hawa niliowakuta?

Ukijibu ndiyo kwa yote mawili, unabeba vyote viwili. Ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa la pili, unajifungia. Hapana kisha ndiyo, unajibadili kabisa. Hapana kwa yote mawili, umebaki nje ya nyumba zote mbili, huna pa kurudi wala pa kwenda.

Berry alikuwa akizungumzia tamaduni. Mimi nayatumia maswali yake pia kwa ndoa, kazi mpya na kustaafu, kwa sababu nimeona yanafanya kazi hata huko. Bi harusi wa Pangani anayeingia ukoo wa watu wa Lushoto ana maswali hayohayo mawili, na mstaafu anayekabidhi funguo za ofisi anayo vilevile.

Kujifungia

Njia hii inasemwa vibaya kuliko inavyostahili. Mtu anafika ugenini, anatafuta watu wa kwao, anapika chakula cha kwao, anasema lugha ya kwao, na hao wengine anakutana nao kwa lazima tu. Tunamwita mkaidi. Lakini tazama historia ya mkoa wetu. Mkonge uliletwa hapa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mashamba yalipokua yakahitaji mikono mingi kuliko iliyokuwepo. Wakaja manamba, watu wa mkataba kutoka kusini na magharibi ya nchi na hata ng'ambo ya mipaka, Wamakonde, Wayao, Waha, Wabena na wengine. Makambini walikaa na wenzao na kucheza ngoma zao. Kwa mtu aliyejua kwamba mkataba ukiisha anarudi kwao, kujifungia kulikuwa busara. Alikata mkonge mchana, na jioni akawa mtu wa jina na ukoo miongoni mwa wanaomjua.

Faida yake ndiyo hiyo: inakupumzisha. Aliyefiwa, aliyeachika, aliyefukuzwa kazi, aliyefika mji ambao unamdharau, huyo anahitaji mahali ambapo hajielezi. Simlaumu hata kidogo akijifungia kwa muda.

Gharama inakuja kadiri kukaa kunavyorefuka. Tangu katikati ya miaka ya 1960 bei ya mkonge ilishuka kwa sababu ya nyuzi za sintetiki, mashamba mengi yakachukuliwa na serikali baada ya Azimio la Arusha la 1967, na mengine yakaja kufa kabisa, korona, yaani mitambo ya kuchakata mkonge, zikanyamaza. Wengi wa wale waliokuja kwa mkataba hawakurudi kwao. Leo wajukuu zao ni watu wa Muheza na Korogwe, wanasema Kiswahili cha hapa, wameoana na Wabondei na Wasambaa. Kilichokuwa busara kwa mtu wa mkataba kisingemfaa mtu wa kudumu. Basi kipimo cha kwanza cha njia hii ni muda: unakaa kwa msimu, au unazeekea hapa?

Kujibadili kabisa

Hii ndiyo njia inayosifiwa sana kwa vijana. Badilika na dunia, wanaambiwa. Na kweli ina kasi. Anayeacha lafudhi yake, mavazi yake, hata namna yake ya kucheka, milango inamfungukia upesi, kwa sababu wenye nyumba hawahitaji kujifunza lolote kumhusu.

Watu pia hawalingani kwa maumbile. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Mmarekani Mark Snyder alitunga kipimo cha kutofautisha wale wanaojirekebisha kwa kutazama waliopo mbele yao na wale wanaoongozwa zaidi na yaliyo ndani yao. Wa aina ya kwanza huingia hadhara yoyote na kuendana nayo bila taabu, wala huo si unafiki, ni kipaji. Kama wewe ni wa aina hiyo, kujibadili hakutakuumiza kama kunavyomuumiza mwenzako. Ukiwa wa aina ya pili, kila siku ya kuigiza utailipia usiku.

Ninachokihofia katika njia hii ni kwamba haina breki. Leo unaacha salamu, kesho unaacha kumpigia mama simu kwa sababu wenzako hawapigi, keshokutwa unamcheka shangazi yako mbele ya marafiki wapya. Hakuna hata moja kati ya hayo uliloamua. Kwa jicho langu hapo ndipo ubaya ulipo, katika kutoamua. Aliyekaa akatafakari akasema, desturi hii ya kwetu ilikuwa inawaumiza wanawake, mimi siichukui, huyo amejibadili na bado ni yeye mwenyewe, pengine zaidi ya alivyokuwa jana.

Kubeba vyote viwili

Tanga ina mfano wake, nao ni mzuri. Miaka ya 1960 vikundi vya taarabu vya hapa, Black Star kikiwa mbele, viliona kwamba kuwaiga Wazanzibari na kundi kubwa la fidla na ala za Kiarabu si lazima. Wakachukua gitaa la umeme na besi, wakapunguza idadi ya wapigaji, wakaleta mwendo wa kuchezeka. Lakini shairi lilibaki shairi, na vina vyake na mafumbo yake, na mwimbaji alibaki ndiye mwenye kufikisha ujumbe. Mtindo huo ukaenea pwani nzima. Walijua kipi ni chombo na kipi ni kiini, wakabadilisha chombo bila woga.

Tafiti nyingi za Berry na wenzake zilionyesha kwamba wanaobeba vyote viwili huwa na afya bora ya nafsi, na wanaobaki nje ya pande zote huwa na hali mbaya kuliko wote. Lakini mwaka 2021 watafiti Kinga Bierwiaczonek na Jonas Kunst walizipitia upya tafiti hizo, wakaona kwamba pale watu walipofuatiliwa kwa muda mrefu, uhusiano huo ulikuwa hafifu sana. Inawezekana, basi, kwamba mtu mwenye afya na aliyepokewa vizuri ndiye anayeweza kubeba vyote viwili, badala ya kwamba kubeba ndiko kunakomletea afya. Naliweka wazi hili kwa sababu njia hii huuzwa kama dawa ya kila mtu, na aliyeshindwa hujiona mpungufu.

Masharti yake nayataja. Kwanza, wapokezi wakubali. Huwezi kuchanganyika na watu wasiokutaka, na bi harusi ambaye mawifi wamemfungia mlango hana haja ya kuambiwa ajitahidi zaidi. Pili, uwe na watu wa kweli pande zote mbili. Kumbukumbu peke yake haitoshi kukushikilia. Tatu, uvumilie uchovu wa mwanzo, maana kila jambo dogo linataka uamuzi.

Nikupe mtu mmoja kwa karibu. Binti wa Ngamiani, mhasibu, aliajiriwa na wakandarasi. Mkutano wao huanza saa mbili kamili asubuhi. Mkuu wake, mgeni kutoka nje ya nchi, anafungua kompyuta na kuingia kwenye orodha ya kazi bila hata habari za asubuhi. Binti akaja kwangu amenuna. "Dada, mimi najiona kama nimeingia nyumba ya watu bila kupiga hodi. Kila siku."

Nikamuuliza kinachomuuma ni nini hasa: ni mkutano kuwa mfupi, au ni kupita mbele ya watu kama hawapo? Akafikiri, akasema ni hilo la pili. Basi akaanza kufika mapema. Langoni anamwambia mlinzi, "Shikamoo babu," naye babu anajibu, "Marahaba mwanangu, bi mkubwa hajambo?" na habari zinakwenda kwa mapana yake, mpaka goti la bi mkubwa na bei ya dagaa. Anapita kwa mama anayechemsha chai, anapita kwa wenzake. Saa mbili ikigonga amekwisha kusalimiana na kila mtu isipokuwa mkuu, anakaa, anafungua hesabu zake, anaingia kwenye orodha bila kinyongo. Mkuu hajabadilika. Binti naye hajawa mtu mwingine. Heshima yake imehamia saa moja na nusu.

Jambo kwa jambo

Hakuna anayelazimika kuchagua njia moja kwa maisha yake yote. Tafiti za mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa Waturuki waishio Uholanzi ziliona kwamba watu walewale walipenda kuchanganya pande mbili kazini na shuleni, ila nyumbani, katika ndoa na malezi, wakashika vya kwao. Mimi nauona huu kuwa utu uzima. Badala ya kuuliza "nibadilike kiasi gani?", orodhesha maeneo ya maisha yako na uulize kila eneo kivyake.

Kwenye zana na taratibu za kazi, jibadili kabisa na upesi. Karani aliyekuwa akijivunia daftari lake la mkono hapotezi utu akijifunza kompyuta. Ukaidi hapa ni hasara tupu.

Kwenye mavazi na chakula, mara nyingi tunapigania visivyostahili vita. Vaa inavyotakiwa kazini, rudi nyumbani ujifunge kanga yako.

Kwenye lugha, shika zote. Anayekwenda Dar es Salaam asione haya ya Kiswahili chake, wala asikatae misemo ya huko.

Kwenye imani na kile unachokiita haki, hapo usiharakishe kabisa. Ukitakiwa kusaini hesabu unayojua si ya kweli kwa sababu "ndivyo kazi za sasa zilivyo", ujue huko si kuzoea. Sina njia ya nne ya kukupa hapo. Ni kukataa na kulipa gharama, au kukubali ukijua umeuza nini.

Fedha na jamaa ndilo eneo gumu kuliko yote. Anayepata mshahara mzuri wa ghafla anavutwa huku na wenzake wa mjini wanaoweka akiba na kujenga, na huku na jamaa wanaomtazama. Akijibadili kabisa anaitwa bahili na kweli anapoteza watu. Akijifungia katika desturi ya kutoa kila anapoombwa, mwezi haufiki kati. Hapa kubeba vyote viwili kunataka hesabu iliyoandikwa: kiasi fulani cha jamaa kila mwezi, kikiisha kimeisha, na useme kwa adabu, "Mjomba, mwezi huu mkono umefungwa, nitafute mwezi ujao." Neno hilo ni gumu mara ya kwanza tu.

Kama hukuchagua badiliko lenyewe

Mpaka hapa nimesema na mwenye nafasi ya kuchagua. Wapo ambao badiliko limewakuta. Mzee aliyefanya kazi kwenye matishari maisha yake yote, anayesoma upepo na mkondo bila kutazama saa, leo meli zinafunga gatini na ujuzi wake hauulizwi kama zamani. Hakupoteza posho tu. Amepoteza jibu la swali "wewe ni nani?"

Mmarekani William Bridges alitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya: badiliko la nje, ambalo laweza kutokea kwa siku moja, na safari ya ndani ya kulizoea. Safari hiyo, alisema, huanza na mwisho: kwanza kukubali kwamba kitu kimeisha. Kisha kuna kipindi cha katikati, cha zamani kimekwenda na kipya hakijashika. Ndipo unapokuja mwanzo. Watoto wa mzee huyu wanataka kumrukisha hadi mwanzo. "Baba, fungua genge." Wanampenda, lakini wanamharakisha. Mwacheni aizungumze kazi yake, awasimulie wajukuu jinsi shehena ilivyofungwa bahari ikichafuka. Katika kipindi hicho cha katikati asiuze nyumba, asioe mke wa pili kwa hasira, asihame mji. Ni wakati mbaya wa maamuzi ya kudumu.

Wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman, mwaka 1984, walieleza kwamba kuna kukabiliana na tatizo na kuna kukabiliana na hisia zake. Linalorekebishika, lirekebishe. Lisilorekebishika, nguvu yako iende kwenye moyo: swala, mazungumzo, usingizi, matembezi ya jioni Raskazone na mwenzako. Kumwambia mzee wa matishari atafute suluhisho ni kumuumiza mara mbili.

Kujua kiini chako ni kipi

Wengi hukwama hapa kwa sababu wanatafuta kiini katika desturi zao zinazoonekana. Mimi hushauri uanzie kwenye kile unachokithamini. Mwanasaikolojia Claude Steele, mwaka 1988, alianzisha nadharia kwamba mtu anayehisi nafsi yake inatishwa hutulia akikumbushwa jambo jingine analolithamini, na tafiti zilizofuata zimetumia zoezi jepesi la kuandika. Chukua karatasi. Andika jambo moja tu unalolithamini, ukweli, uaminifu, kulea, ibada, chochote. Chini yake andika siku moja ambayo ulilitenda, nani alikuwepo, nini kilisemwa. Usiandike insha ya sifa, andika tukio.

Kisha rudi kwenye desturi unayogombania na ujiulize: je, kuna namna nyingine ya kulitenda lilelile? Ikiwepo, desturi hiyo unaweza kuiachia. Isipokuwepo, umegusa kiini, shikilia. Binti wa Ngamiani aliweza kuachia salamu za mkutanini kwa sababu heshima ilipata mlango mwingine. Angeambiwa asiongee na mlinzi kabisa, ningemshauri atafute kazi nyingine.

Baada ya miezi kadhaa, muulize mtu mmoja aliyekujua kabla ya badiliko, na mwingine aliyekujua baada yake tu. Wakikueleza watu wawili wasiofanana kabisa, kaa uangalie ni lini uliacha kuamua.

Na kama usingizi umepotea, chakula hakishuki, huoni raha ya lolote, na hali hiyo imezidi wiki mbili, achana kwanza na kuchagua njia. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, umwambie daktari au muuguzi kama ulivyonieleza mimi, bila kujificha nyuma ya "malaria hii haiishi". Wakiona inafaa watakupa rufaa. Mkoa wetu una hospitali ya afya ya akili ya Lutindi, kule milimani Korogwe, tangu enzi ya Mjerumani; jamaa zetu wengi wametibiwa huko, na wengi wao hatukuwahi kujua.